Mwani umekuzidi kwenye tenki la matumbawe? Fanya hivi, pole pole

Hii naiandikia mtu ambaye saa hii amesimama mbele ya tenki lake na moyo umemdondoka, mawe aliyoyapanga kwa miezi yameota manyoya ya kijani, mchanga umegeuka kahawia, na matumbawe aliyonunua kwa pesa nzuri yamejikunja hayataki kufunguka. Usibomoe tenki. Usikimbilie dukani kununua chupa ya dawa. Nafuga matumbawe mwaka wa tisa sasa huku Leicester, Uingereza, tenki la lita 200 sebuleni, na karibu kila aina ya mwani nitakayoitaja hapa imeshapita kwangu, na hasara kubwa kuliko zote sikuipata kwa ajili ya mwani, niliipata kwa haraka yangu ya kuumaliza.

Kuna jambo ukilielewa mengine yote yanakuwa mepesi. Mwani unakula. Unakula naitreti na fosfeti, na hizo zinatoka kwa chakula unachowapa samaki na mavi yao, lakini hizo hizo ndo tumbawe linahitaji pia, manake ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho ambao ndo wanalilisha. Kwa hiyo ukisema utaua mwani kwa kufikisha chakula sifuri, tumbawe nalo unaliua njaa. Kazi yako ni chakula kiwepo kidogo, kisipande wala kushuka kwa ghafla, na awepo wa kuutafuna mwani unapoota. Mimi mtoto wa Mombasa, maji yakitoka ukatembea kuelekea mwamba utaona mawe mengi hayana manyoya, na si kwamba mwani hauoti pale, unaota kila siku, ila tafi na kangaja na pono wanautafuna mchana kutwa.

Kwanza ujue ni nini hicho

Usianze tiba kabla ya kujua jina la ugonjwa. Dawa ya huyu ndo chakula cha yule.

Vumbi la kahawia juu ya mchanga na kioo, tenki lina wiki chache tu tangu liwekwe maji: hao ni diatomu, wanakula silika, ikiisha wanaondoka wenyewe. Futa kioo, subiri, basi.

Manyoya ya kijani, laini, ukivuta yanakatika mkononi: huo ndo mwani wa nywele, wa kawaida kabisa, na ndo utakaokusumbua zaidi. Angalia vizuri lakini. Kama kila unywele una umbo la unyoya, yaani una mshipa katikati na vijani vimetoka pande mbili, huyo ni Bryopsis na yeye ni shughuli nyingine, konokono wengi hawamtaki na ukimpunguzia fosfeti anakutazama tu.

Vipovu vya kijani vinavyong'aa kama shanga: Valonia. Usivipasue ndani ya maji, vibandue kizima kizima na mzizi wake, na kinachopasuka kinyonye hapo hapo na mpira wa kunyonyea maji.

Utando mwekundu wa zambarau, unafunika mchanga kama shuka, ukiupeperusha na mkono unabanduka vipande vipande: sayano. Huyo hata si mwani, ni bakteria, na wengine wao wanaweza kujitengenezea naitrojeni wenyewe kutoka kwa ile gesi iliyoyeyuka majini, ndo maana unaweza kuwa na naitreti sifuri na shuka jekundu bado lipo.

Alafu kuna kamasi ya kahawia yenye nyuzi nyuzi na mapovu kwenye ncha, mchana imejaa, usiku imepungua, asubuhi safi kidogo, jioni imerudi yote, na konokono wanaanza kufa bila sababu. Hao ni dinoflajeleti, wafugaji tunawaita dino, na nitawarudia chini manake wao ndo walionifundisha adabu.

Ukiwa huna hakika kama ni dino, fanya hivi: nyonya ile kamasi na maji yake ujaze nusu glasi, tia kwenye chupa ndogo, itikise kwa nguvu mpaka iyeyuke yote, chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, alafu yale maji yaliyopita yaweke karibu na taa kwa muda wa saa moja. Kama nyuzi zimejikusanya tena chini ya glasi, ni dino. Hadubini ya bei nafuu ya watoto wa shule inakuhakikishia zaidi, utawaona wanakimbia kwa duara kama wamefungwa kamba.

Pima, na uelewe unachopima

Unahitaji vipimo vinne: chumvi, alkaliniti, naitreti, fosfeti. Chumvi iwe 35 kwa elfu, yaani 1.026 kwenye rifraktomita (kile kifaa cha kupimia chumvi), joto 25 au 26. Alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuzuia asidi, shikilia 7.5 mpaka 9 dKH, ndo kipimo chake. Naitreti mimi naipenda kati ya 5 na 10 ppm (sehemu kwa milioni), fosfeti kati ya 0.03 na 0.1 ppm. Bahari yenyewe kwenye mwamba iko chini ya hapo, lakini baharini matumbawe yanapitiwa na vijidudu vya kula usiku na mchana, kwako hakuna kitu kama hicho, kwa hiyo usijilinganishe.

Fosfeti usiipime kwa rangi ya macho, kwenye viwango vidogo hivyo jicho linadanganya. Nunua kile kimashine kidogo cha kampuni ya Hanna. Na ukinunua kile cha HI736 kumbuka kinakupa fosforasi kwa ppb (sehemu kwa bilioni), si fosfeti, unazidisha mara 3.066 alafu unagawa kwa 1000, kwa hiyo kikisoma 10 wewe una fosfeti 0.03 ppm. Nimeona watu wanasoma 20 wanashtuka, kumbe wako 0.06, pazuri kabisa.

Sasa hapa ndo wengi wanapotea. Tenki limejaa manyoya ya kijani, unapima unapata naitreti 0 na fosfeti 0.01, unasema maji yangu masafi mbona mwani? Yako masafi kwa sababu mwani umeshakula. Kipimo kinapima mabaki ya sahani, wali wenyewe uko tumboni kwa mwani.

Utasikia pia watu wanataja namba ya Redfield, 16 kwa 1. Uwiano wa namna hiyo aliuona mwanasayansi Alfred Redfield mwaka 1934 akichunguza maji ya bahari na viumbe wadogo wanaoelea, na ile 16 kwa 1 ni ya idadi ya atomu za naitrojeni na fosforasi, ukiibadilisha kuwa ppm za naitreti na fosfeti inakuwa kama 10 kwa 1. Ijue, lakini usiifukuzie. Tenki lenye 8 na 0.05 bila kuyumba miezi mitatu ni zuri kuliko tenki linalorushwa huku na huku kutafuta hesabu kamili.

Ng'oa kwa mkono kabla ya kitu kingine chochote

Watu hawapendi hatua hii kwa sababu haina chupa. Lakini ile fosfeti iliyo ndani ya mwani, njia fupi ya kuitoa nje ya tenki ni kuutoa mwani wenyewe. Ukiuacha ufe ndani, unaoza, chakula kinarudi majini, na kinaota kingine.

Mimi nafanya Jumapili. Nazima pampu zote ili vipande visiruke, navaa glavu ndefu na miwani, alafu nanyonyoa jiwe kama unavyonyonyoa kuku, navuta karibu na mzizi, sikati juu juu. Kwenye ncha ya mpira wa kunyonyea nimefunga mswaki mgumu kwa kamba ya plastiki, nasugua na mpira unanyonya hapo hapo, maji yanateremka mpaka kwenye soksi ya filta kule tenki la chini (lile la pili linalokaa chini ya tenki kubwa), soksi inashika mwani na maji yanarudi juu na pampu. Kwa njia hiyo unaweza kusugua saa nzima bila kumaliza maji ya tenki. Soksi unaitoa mara tu ukimaliza, usiiache mpaka kesho. Mara ya kwanza nilitoa donge la mwani kubwa kama ngumi mbili kwenye tenki la lita 200, na hesabu ya kwenye mashine wiki ile haikubadilika hata kidogo, lakini wiki ya tatu nikaanza kuona rangi ya zambarau ya jiwe lenyewe.

Jiwe linalotoka litoe. Liweke kwenye ndoo ya maji ya chumvi ya tenki, lisugue, sehemu sugu zidondoshee haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa mswaki ukiwa umelishika nje ya maji, subiri dakika mbili tatu, suuza kwenye ndoo nyingine ya maji ya chumvi, rudisha. Matumbawe yasiguswe na peroksaidi.

Na hapa naomba unisikilize kabisa: kama jiwe lina yale matumbawe ya vifungo vifungo, zoanthidi, usilichemshe kamwe, usilimwagie maji ya moto, wala usilisugue likiwa kavu. Baadhi yao wana sumu inayoitwa palitoksini, mvuke wake umeshapeleka familia nzima hospitali na hata mbwa wa nyumba. Ndo maana ya glavu na miwani.

Fosfeti inaingilia wapi?

Kwanza maji ya bomba. Huku Uingereza kiwango cha naitreti kinachoruhusiwa kwa maji ya kunywa ni mpaka miligramu 50 kwa lita, na sehemu nyingi kampuni za maji zinatia fosfeti kwa makusudi ili risasi ya mabomba ya zamani isiyeyuke ndani ya maji. Kwa binadamu ni jambo jema, kwa tenki ni mbolea. Kwa hiyo maji yako yote, ya kuchanganya chumvi na ya kujazia yanayokauka, yapite kwenye filta ya RO/DI, ile inayotoa karibu kila kitu kilichoyeyuka majini, na kimita cha TDS, kinachopima vilivyoyeyuka, kisome 0. Kikianza kusoma 2 au 3 badilisha ile rezini ya mwisho siku hiyo hiyo.

Pili chakula. Kuna wanaosuuza chakula cha barafu kwa ajili ya ile supu yake, suuza kama unapenda, lakini fosfeti nyingi iko ndani ya kamba mwenyewe si kwenye supu, kwa hiyo kinachohesabika ni kiasi. Tia kidogo, angalia, kikiliwa chote ndani ya dakika moja ongeza kidogo. Usiwanyime samaki mpaka mgongo ukakonda, samaki mwenye njaa anaugua, na huko ni msiba mwingine.

Tatu, na hili linawashangaza wengi, mawe yenyewe. Jiwe la kalisi linafyonza fosfeti ikiwa nyingi majini na linaitema ikipungua. Kama tenki limekaa mwaka mzima na fosfeti 0.3, hata ukiitoa leo kesho imerudi, inatoka kwenye jiwe. Sio kwamba dawa haifanyi kazi, ni deni unalipa pole pole, miezi.

Kushusha, na kushusha taratibu

Kubadilisha maji ni kuzuri lakini fanya hesabu usijidanganye. Naitreti ikiwa 40 ukabadilisha asilimia 10, umebaki na 36. Wiki nne mfululizo, bila kuongezeka kitu, uko 26, na chakula kinaongezeka kila siku. Ukibadilisha asilimia 30 kwa mkupuo unafika 28. Kwa hiyo ikiwa juu sana fanya mbili tatu kubwa kidogo, maji mapya yawe na joto na chumvi na alkaliniti sawa na ya zamani, alafu urudi kwenye 10 kwa wiki.

Skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa povu, isafishe shingo kila siku mbili tatu, shingo yenye mafuta haipandishi povu. Kama una nafasi kwenye tenki la chini weka chaeto, ule mwani mgumu uliosokotana kama nywele za kuwekea, uuwashie taa usiku wakati taa ya juu imezimwa. Huo unakula chakula kile kile, na wewe unauvuna unautupa.

Naitreti ikigoma kushuka kuna siki nyeupe ya jikoni, ile ya asilimia 5. Inalisha bakteria, bakteria wanavuta naitreti na fosfeti kidogo, skima inawatoa. Kwenye lita 200 nilianza na mililita 1.5 kwa siku, nikaongeza kiasi hicho hicho kila wiki mpaka naitreti ilipoanza kuteremka, hapo nikasimama. Bila skima nzuri usijaribu, bakteria wanakula oksijeni. Na ukiona utando mwekundu umeanza, punguza.

Fosfeti dawa yake ni GFO, zile chembe nyekundu za kutu ya chuma. Ni kali. Anza na robo ya kiasi kilichoandikwa kwenye mfuko, pima kila siku, na usiruhusu ishuke zaidi ya 0.02 hivi kwa wiki, matumbawe magumu ya matawi yanabanduka ngozi ikishuka ghafla.

Bryopsis peke yake ndo namruhusu dawa: flukonazoli, ile ya fangasi, wafugaji wengi tunatumia kama miligramu 5 kwa kila lita ya maji halisi (toa nafasi iliyokaliwa na mawe, tenki langu la 200 lina maji kama 170). Unatoa kaboni (yale makaa ya kuchujia maji) na GFO, hubadilishi maji siku 14, naye anakuwa mweupe pole pole. Ng'oa kwanza unachoweza, kinachofia ndani ni mbolea.

Dino, au mimi nilivyoponzwa na sifuri

Mwaka wa pili wa tenki nilikuwa na mwani wa nywele wa kawaida tu. Nikatia GFO mfuko mzima, nikatia siki, nikapunguza chakula, vyote wiki moja. Naitreti sifuri, fosfeti sifuri, nikafurahi kweli, nikapiga picha nikamtumia ndugu yangu Mombasa. Wiki mbili baadaye mchanga una kamasi ya kahawia, konokono wamelala chali, na tumbawe la matawi nililolilea tangu likiwa na ukubwa wa kidole gumba likaanza kuwa jeupe kutoka chini. Lote lilikufa. Kilichotokea ni kwamba niliwaua njaa wote waliokuwa wanagombania nafasi, na dino ndo aliyebaki, manake yeye anaweza kuishi pale ambapo hakuna kitu, anakula hata bakteria.

Kwa hiyo tiba ya dino ni kinyume cha kila kitu hapo juu. Toa GFO, acha siki, acha kubadilisha maji kwa muda. Pandisha naitreti mpaka 5 au 10 na fosfeti mpaka 0.1 na uzishikilie hapo. Kuongeza chakula kunasaidia ila kunachelewa, mimi nilitia sodiamu naitreti iliyoyeyushwa, kwa lita 200 gramu 0.27 zinapandisha 1 ppm, nikawa natia kila siku na kupima kila siku, manake wiki ya kwanza inapotea yote. Weka kaboni mpya kwa ajili ya sumu yao, na kila jioni kabla taa hazijazimwa nyonya kamasi kwa mpira kupitia soksi nyembamba.

Hadubini inalipa hapa. Aina ya Ostreopsis, wa umbo la tone, usiku wanaachia mawe wanaelea majini, hao taa ya UV ya kusafishia maji, yenye pampu ya pole pole, inawamaliza siku chache. Amphidinium wao wanabaki mchangani usiku na mchana, UV haiwaoni, hao dawa yao ni uvumilivu, na watu wengi wanafaulu kwa kutia silika kidogo ili diatomu wachukue nafasi yao. Ile safari yangu ilichukua wiki saba. Siku mwani wa kijani ulipoanza kuota tena kwenye kioo nilijua nimepona.

Walaji, na upepo wa maji

Ukishashusha mwani mpaka ukawa mfupi, ndo ulete walaji, si kabla, manyoya marefu hakuna anayeyataka. Konokono wa Trochus nawapenda kuliko wote, wakianguka wanajigeuza wenyewe, Astraea akianguka chali anakufa pale pale ukimwangalia. Kumi au kumi na tano kwa lita 200 wanatosha, ukijaza mia watakufa njaa na kugeuka mbolea. Yule mnyama wa duara mwenye miiba, ambaye kila mtoto wa pwani ashawahi kumkanyaga (dukani huku wanamwita urchin), mmoja mdogo anasafisha jiwe hadi kwenye kalisi, ila mmoja tu. Watafiti waliochunguza miamba ya Kenya waliona kwamba kikande, samaki anayewala, akivuliwa kupita kiasi, hao wa miiba wanazaana mpaka wanakula mwamba wenyewe.

Tenki likiwa la lita 400 na zaidi unaweza kumfuga samaki wa ukoo wa tafi, yule wa njano mwenye uso wa mbweha, anakula mwani kama mbuzi. Miiba yake ya mgongo ina sumu kama ya tafi wa kwetu, ukiingiza mkono ujue yuko wapi. Kangaja wa njano naye mzuri lakini anataka urefu wa kuogelea, tenki fupi anateseka, usimnunue tu kwa sababu una mwani.

Pampu za mawimbi zirushe maji mara 20 mpaka 40 ya ujazo wa tenki kwa saa, na uzielekeze pale sayano anapopenda kulala. Taa zikiwaka kwa muda wa saa nane mpaka kumi kwa siku zinatosha.

Ukisafiri

Haya yote yanaharibiwa na wiki tatu za likizo. Nimeshawahi kurudi kutoka nyumbani nikakuta kopo la chakula limeisha nusu, jirani aliwaonea samaki huruma, na fosfeti imesoma 0.41. Siku hizi kabla ya safari nakata vipande vya karatasi ya kuokea, nafungia chakula cha siku moja moja kama wanavyofunga bizari dukani, naandika Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, naviweka kwenye bakuli juu ya tenki. Kopo lenyewe nalifungia kabatini chumbani na ufunguo naondoka nao.